Mfumo wa mishahara kutoka kampuni moja: programu nzuri, mkataba mgumu

Mimi ni mhasibu wa mishahara kwenye taasisi ya umma. Mfumo ninaoufanyia tathmini hapa ndio ninaoutumia kila siku ya kazi: utumishi, mishahara, likizo, mikopo na makato, vyote vimetoka kwa kampuni moja, na kampuni hiyohiyo ndiyo inayouza leseni, inayotunza seva, inayofundisha watumiaji na inayopokea simu mambo yakikwama. Jina lao siliweki. Ninayotaka kuyasema yanahusu namna serikali inavyonunua mifumo ya aina hii, na mnunuzi mwingine atayakuta hata akisaini na kampuni tofauti.

Kwa mwenye haraka, hukumu yangu ni hii. Programu yenyewe naipa nyota nne kati ya tano. Huduma kwa mteja, tatu. Mkataba, moja.

Nianze na kinachostahili sifa, kwa sababu kipo na ni kikubwa. Kabla ya mfumo huu kila idara ilikuwa na jedwali lake. Utumishi walikuwa na orodha yao ya watumishi, sisi tulikuwa na ya malipo, kitengo cha mikopo kilikuwa na ya kwake, na orodha hizo zilikuwa hazijawahi kulingana hata mwezi mmoja. Mtu akistaafu, utumishi walimtoa kwao, lakini kwetu aliendelea kulipwa mpaka barua ifike, na mwendo wa barua za ndani kila mtumishi wa umma anaujua. Hivyo ndivyo watumishi hewa wanavyozaliwa. Si lazima awepo mwizi. Inatosha orodha mbili zisizosemezana.

Mfumo ulilimaliza hilo. Tarehe ya kuzaliwa inaingizwa mara moja tu, mtumishi anapoajiriwa. Kuanzia hapo mfumo wenyewe unahesabu tarehe ya kustaafu, unatoa tahadhari mapema, na tarehe ikifika mshahara unasimama mpaka mwenye mamlaka athibitishe. Likizo bila malipo ikiidhinishwa upande wa utumishi, upande wetu mshahara unapungua bila mtu kugusa chochote. Mkopo ukiisha, makato yanakoma mwezi uleule. Aliyewahi kumkimbilia mtumishi kumrudishia makato ya mkopo uliokwisha zamani ataelewa kwa nini naona hili ni jambo la kushukuru.

Kuna ripoti moja ninayoipenda kuliko zote, ripoti ya tofauti. Kabla ya kufunga mwezi tunaendesha malipo ya majaribio, kisha mfumo unalinganisha kila mtumishi na mwezi uliopita na kutoa wale tu ambao mshahara wao wa kupokea umebadilika kupita kiwango tulichoweka. Mstari mmoja, mtu mmoja: jina, namba ya ajira, kiasi cha mwezi uliopita, kiasi cha sasa, na safu ya mwisho yenye sababu. Amepanda daraja. Amehamishwa. Amekopa. Ukibofya sababu, inafunguka hati yenyewe iliyopakiwa na utumishi, ina sahihi na muhuri. Pale safu ya sababu inapokuwa tupu, ndipo ninapoweka kalamu chini na kuinua simu. Nimewahi kuona mifumo ya gharama kubwa isiyo na kitu hiki, na sijui wenzangu wanafungaje mwezi bila hicho.

Yote hayo yanawezekana kwa sababu moduli zote, yaani sehemu za mfumo kama mishahara na likizo, zimeandikwa na mkono mmoja. Hoja ya kununua kwa kampuni moja si ya kubezwa. Penye wauzaji wanne, wa hifadhidata atakuambia tatizo ni mtandao, wa mtandao atakuambia ni programu, wa programu atakuambia ni seva, na wewe uko katikati tarehe ya mshahara inakaribia. Akiwa mmoja hana wa kumsukumia. Atakayekuambia kwamba zabuni za vipandevipande ni nafuu siku zote hajawahi kuunganisha mifumo miwili ya watu wasioelewana.

Sasa nije kwenye kinachouma.

Serikali ilibadilisha kiwango cha moja ya makato ya lazima. Jambo la kawaida kabisa, hutokea kila mara bajeti inapopita. Ungetegemea kuwe na ukurasa wa mipangilio ambapo mwenye ruhusa anaandika asilimia mpya na tarehe ya kuanza kutumika. Haupo. Asilimia ile imeandikwa ndani ya programu yenyewe, kwenye msimbo, mahali ambapo sisi hatufiki. Kuibadilisha kunahitaji fomu ya ombi la mabadiliko, kampuni ikadirie kazi kwa siku za mtaalamu, ofisi yetu isaini makadirio, kitengo cha manunuzi kithibitishe fedha, ndipo kazi ianze. Kijana wa kampuni anayekaa ofisini kwetu, mtu mpole na fundi kweli, aliniambia wazi: "Mama, hii ni mistari michache tu. Ningeweza kuimaliza leo kabla ya kutoka. Lakini bila namba ya ombi siruhusiwi kugusa, na namba haitoki mpaka mkuu wenu asaini." Sikumlaumu. Hakuuandika yeye mkataba ule.

Mabadiliko yalichelewa kuliko tarehe ya sheria kuanza. Watumishi wakakatwa kwa kiwango cha zamani, kisha mwezi uliofuata wakakatwa cha sasa pamoja na kilichopungua. Kwa mtumishi wa ngazi ya chini, makato mawili kwa mpigo yanatosha kuharibu mwezi mzima. Walikuja dirishani kwangu, mmoja baada ya mwingine, wakiwa wameshika hati za mshahara. Dirishani anakaa mhasibu. Kampuni haina dirisha.

Watu wengi wakisikia "mzabuni mmoja" wanawaza bahasha chini ya meza. Rushwa ipo duniani, sikatai. Lakini nimesoma jalada la ununuzi huu kuanzia ukurasa wa kwanza nilipowekwa kwenye timu ya kuandaa mkataba mpya, na kilichonitisha zaidi ni kwamba kila karatasi ilikuwa halali. Mwanzoni palikuwa na zabuni ya wazi, kampuni kadhaa zikashindana, hii ikashinda kwa haki. Ilishinda moduli moja, ya mishahara. Ikaja haja ya moduli ya likizo. Kitengo cha manunuzi kikaandika kwamba ni lazima isomane na mishahara, na mwenye uwezo wa kuiunganisha ni aliyeandika mishahara. Kweli. Ikaja mikopo, maelezo yakawa yaleyale, na bado ni kweli. Zikaja leseni za nyongeza, matengenezo, mafunzo, kuhamishia seva mpya. Mkataba wa kwanza ulishindaniwa. Yote yaliyofuata yalinunuliwa moja kwa moja, na kwa jumla ndiyo makubwa zaidi.

Sheria za dunia zinaiona njia hii na kuiruhusu kwa masharti. Sheria ya mfano ya ununuzi wa umma iliyotolewa mwaka 2011 na UNCITRAL, tume ya Umoja wa Mataifa ya sheria za biashara ya kimataifa, inakubali katika ibara ya 30 ununuzi kutoka chanzo kimoja pale mnunuzi aliyekwisha kupata vifaa au teknolojia kwa muuzaji fulani anapohitaji nyongeza zinazooana na alivyonavyo. Haiishii hapo. Inamtaka apime kama ununuzi wa kwanza ulikidhi haja, nyongeza ni kubwa kiasi gani ukilinganisha na ule wa awali, bei ina mantiki, na kama njia mbadala zinafaa. Umoja wa Ulaya katika agizo lake namba 2014/24, ibara ya 32, unaruhusu nyongeza za vifaa kutoka kwa muuzaji wa awali kwa sababu za kiufundi, lakini kwa kawaida mikataba hiyo isizidi miaka mitatu. Walioandika vifungu hivi waliujua mtego. Kwenye jalada letu nilikuta sababu ya kuoana imeandikwa vizuri kila mara. Kipimo cha ukubwa wa nyongeza dhidi ya mkataba wa awali sikukikuta popote.

Kuoana kunatengenezwa. Hili ndilo ningependa kila mjumbe wa kamati ya tathmini alielewe. Muuzaji anapochagua muundo wa faili anaoujua peke yake, anakuwa ameandika mapema maelezo ya ununuzi wa moja kwa moja wa miaka kumi ijayo. Afisa manunuzi atakayekuja baadaye atasaini kwa nia njema, kwa sababu siku hiyo hakutakuwa na njia nyingine.

Nililiona hili kwa macho tulipoomba data zetu wenyewe. Tulitaka kujua tu: tukiamua kuondoka, tunaondoka na nini? Mara ya kwanza kampuni ilileta maelfu ya kurasa za PDF, hati za mshahara za kila mtumishi, zimepangwa kwa mwezi. Ni nzuri kuprinti. Kwa mfumo mwingine ni picha tu. Tukarudi, tukaomba hifadhidata. Yakaja mafaili ya maandishi yenye safu zilizopewa majina kama F017, F018, F019, bila maelezo ya safu ipi ni ipi. Nilikaa na mwenzangu wa TEHAMA, tukachukua mtumishi mmoja ambaye mshahara wake naujua, tukaanza kubahatisha. F022 ni mshahara wa msingi, hiyo ilikuwa rahisi. F031 ilikuwa na tarakimu moja tu, mara 0, mara 3, mara 7. Tuliizunguka asubuhi nzima. Baadaye fundi wa kampuni akatutajia kwa mdomo kwamba ni aina ya ajira: wa kudumu, wa mkataba, wa muda. Kamusi ya data ipo, wakasema, lakini ni mali ya kampuni na inalindwa na haki miliki.

Data zimeingizwa na makarani wetu, zinahusu watumishi wetu, mshahara umelipwa kwa kodi ya wananchi, lakini karatasi inayoeleza zinasomwaje ni mali ya mtu mwingine. Nililisema hili kwenye kikao na nitaendelea kulisema. Hakuna serikali inayopaswa kukubali.

Kwenye fani yetu ya mishahara tuna mifano ambayo kila mnunuzi angepaswa kuisoma kabla ya kushika kalamu. Kanada ilizindua mfumo wa Phoenix mwezi Februari 2016, uliotekelezwa na IBM, kulipa watumishi wa serikali kuu wapatao laki tatu. Wengine walilipwa pungufu, wengine zaidi, wengine hawakulipwa kabisa. Mkaguzi mkuu Michael Ferguson katika ripoti yake ya 2018 alieleza kwamba ni kushindwa kusikoeleweka kwa usimamizi wa mradi. Kwangu mimi somo kubwa liko kwenye jambo dogo: serikali ilikuwa imeshapunguza washauri wa mishahara wapatao 1,200 kabla mfumo haujathibitika kufanya kazi. Wale ndio waliojua kwa nini mtu fulani analipwa hivi na mwingine vile. Mfumo ulipokosea, wa kuugundua na kuurekebisha kwa mkono walikuwa wameshaondoka.

Kisha Queensland, Australia. Mfumo wa mishahara wa idara ya afya uliwashwa Machi 2010 kwa watumishi karibu 78,000, IBM ikiwa mkandarasi mkuu. Gharama yote ya kuurekebisha na kuuendesha ilikadiriwa kufika dola bilioni 1.2 za Australia. Tume ya uchunguzi ilitoa ripoti mwaka 2013 na kuuweka mstari wa mbele miongoni mwa kushindwa kwa utawala wa umma nchini humo. Serikali ya jimbo ikaenda mahakamani kudai fidia, ikashindwa, kwa sababu mwaka 2010, katikati ya vurugu, ilikuwa imesaini makubaliano ya nyongeza yaliyoiondolea kampuni madai. Ukiwa na muuzaji mmoja na mishahara ya wauguzi haijatoka, utasaini karatasi yoyote itakayowekwa mezani ili fundi aendelee kuja. Kampuni yoyote yenye mwanasheria mzuri inalijua hilo.

Mfano wa tatu ndio unaoninyima usingizi kuliko yote, nao ni wa Posta ya Uingereza. Mfumo wa Horizon wa kuweka hesabu za vituo vya posta, uliojengwa na kampuni ya ICL ambayo baadaye ikaja kuwa sehemu ya Fujitsu, ulianza kusambazwa mwaka 1999. Ulionyesha upungufu wa fedha kwenye vituo vya posta ambako fedha haikupotea. Mawakala zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa wizi, udanganyifu na kughushi hesabu, wengine wakafungwa. Walipouliza, waliambiwa mfumo hauna tatizo. Desemba 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba Horizon ilikuwa na hitilafu na kwamba wafanyakazi wa Fujitsu waliweza kuingia kwenye hesabu za vituo wakiwa mbali. Mwaka 2024 bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu zile. Hata baada ya hukumu ya 2019 mkataba wa Fujitsu uliendelea kuongezwa muda, kwa kuwa vituo vilihitaji kufunguliwa kesho yake asubuhi na hapakuwa na mfumo mwingine tayari.

Naufikiria mfano huo kwa sababu hata kwetu skrini iliwahi kusema mtumishi amelipwa zaidi na anadaiwa. Dada yule, karani wa masjala, alisisitiza hajapokea. Nilitaka kuona kumbukumbu za matukio: nani aliingiza nini, saa ngapi, kutoka kompyuta ipi. Mimi ninaona tu matokeo ya mwisho. Kumbukumbu zenyewe zinafunguliwa kwa zana ya kampuni, kwa ombi, na ombi lina foleni. Zilipokuja zilionyesha malipo yaliyoingizwa mara mbili na mchakato wa usiku uliokatika katikati na kuanza upya. Dada alikuwa sahihi. Lakini kipindi chote cha kusubiri alihesabika mdaiwa, na mkuu wake alikuwa ameshamwandikia barua ya kujieleza. Mfumo unaoweza kumtuhumu mtu lazima ufunguliwe na mtu asiye muuzaji. Kwa kasoro hii peke yake ninaondoa nyota ambayo programu ingestahili.

Kuhusu huduma kwa mteja sina mengi. Simu zinapokelewa, tiketi zinajibiwa, mafundi wana adabu na wanaijua kazi. Mafunzo yalikuwa mazuri, hasa ya vitendo. Tatizo ni kwamba ubora wake ulishuka kila mkataba ulipokuwa mbali na kuisha, na kupanda ulipokaribia. Hilo halihitaji maelezo.

Kuna watakaosema dawa ni programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote, tuachane na hawa kabisa. Ninalipenda wazo hilo, na polisi wa gendarmerie wa Ufaransa wameonyesha linawezekana: walianza na OpenOffice, programu huria za kazi za ofisini, mwaka 2005, wakaingia Ubuntu, mfumo endeshi wa kompyuta wa aina ya Linux, kuanzia 2008, na leo makumi ya maelfu ya kompyuta zao zinaendesha toleo lao wenyewe. Walianza na programu za kazi za kila siku, watu wakazizoea, ndipo wakagusa mfumo endeshi. Lakini ukitaja Ufaransa utaje na Munich, Ujerumani. Baraza la jiji hilo liliamua mwaka 2003 kuhamia Linux. Steve Ballmer, mkuu wa Microsoft wakati huo, kampuni yenye Windows, alikatisha likizo yake ya kuteleza kwenye theluji kwenda kumwona meya Christian Ude, na hakufanikiwa. Kufikia 2013 kompyuta karibu 15,000 zilikuwa zimehama. Mwaka 2017 baraza jingine likaamua kurudi Windows. Siasa ilikuwemo, malalamiko ya watumiaji yalikuwemo, na jiji lilikuwa na idara za kompyuta zilizotawanyika zisizo na msimamizi mmoja. Leseni huria haikuokoi kama ndani ya ofisi hakuna anayeujua mfumo.

Na Korea Kusini ilijifunga bila kusaini mkataba na mtu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilitengeneza usimbaji wake wa SEED, njia ya kuficha data zinapopita mtandaoni, na kuweka utaratibu wa vyeti vya kidijitali kwa miamala ya mtandaoni. Kwa vitendo vyeti vile vilitegemea ActiveX, nyongeza ya kivinjari iliyotengenezwa na Microsoft, na ActiveX iliishi ndani ya kivinjari cha Internet Explorer pekee. Benki, kodi, manunuzi, vyote vikabaki kwenye kivinjari kimoja cha kampuni moja ya kigeni kwa miaka mingi; nafasi ya pekee ya vyeti hivyo ilifutwa kisheria Desemba 2020.

Kinachonipa moyo ni Estonia. Tangu 2001 wana X-Road, tabaka la kubadilishana data kati ya hifadhidata za taasisi mbalimbali. Kila taasisi inabaki na mfumo wake na inaweza kuwa na muuzaji wake, ilimradi wote wazungumze kwa kanuni zilezile zilizo wazi. Kanuni ni za serikali. Muuzaji akibadilika, kanuni zinabaki. Finland imeichukua teknolojia hiyohiyo. Kwa hiyo muuzaji mmoja kwa moduli zote si sharti la mfumo unaosomana, ingawa kwenye kikao niliambiwa zaidi ya mara moja kwamba ni sharti.

Kama taasisi yako iko karibu kusaini na kampuni ya aina hii, basi haya ndiyo ningeyapigania, na sijali kama yatachelewesha kusaini. Kamusi ya data iwe kiambatisho cha mkataba, mali ya mnunuzi, na isasishwe kila toleo jipya linapoingia. Data zote zitolewe kwa muundo ulio wazi wakati wowote mnunuzi atakapotaka, bila malipo ya ziada. Viwango vyote vinavyowekwa na sheria, kodi, mifuko ya hifadhi, bima, vikae kwenye majedwali yanayobadilishwa na mhasibu mwenye ruhusa, na kila badiliko liache alama. Kumbukumbu za matukio zisomwe na mkaguzi wa ndani bila kumwomba mtu. Msimbo chanzo uwekwe amana kwa mtu wa tatu, utolewe kampuni ikifilisika au ikiacha kuutunza. Bei ya siku ya mtaalamu ikubaliwe siku ya zabuni, wakati washindani bado wapo chumbani. Ukisubiri mpaka wameondoka, utaambiwa bei badala ya kukubaliana nayo. Na mwanasheria wa serikali asome kila makubaliano ya nyongeza, hata yale ya kurasa mbili yanayoletwa wakati wa dharura. Hayo ya kurasa mbili hasa.

Na wakati wa tathmini, onyesho la programu lisiishie kwenye skrini nzuri. Kila mzabuni apewe data za mfano aziingize, kisha atakiwe kuzitoa zote palepale mbele ya kamati na kumkabidhi mzabuni mwenzake azisome. Atakayeshindwa kutoa alichoingiza apoteze alama nyingi kiasi kwamba bei ya chini isimwokoe.

Sisi tumeongeza mkataba na kampuni ileile. Hatukuwa na namna; mishahara haingoji. Lakini muda ni mfupi kuliko wa awali, na kamusi ya data imo kama kiambatisho, baada ya mabishano marefu. Tumeifanyia jaribio la kwanza: tulichukua mafaili yaliyotolewa, tukakokotoa mshahara wa mwezi mmoja nje ya mfumo, kwenye jedwali la kawaida, tukalinganisha mtu kwa mtu. Watumishi walio wengi walilingana mpaka senti ya mwisho. Waliokataa kulingana ni walioajiriwa, kuhama au kupanda daraja katikati ya mwezi, kwa sababu kanuni inayotumika kugawa mshahara wa siku zisizotimia mwezi haimo kwenye kamusi. Mfumo unaijua, sisi hatuijui. Tumeiomba kwa maandishi, na malipo ya matengenezo ya robo hii yamezuiwa mpaka ifike.